Mtoto wa uchumba sugu anabatizwa au habatizwi?

Hili swali, yani la mtoto ambaye wazazi wake wanaishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani, sisi wa ofisi ya katekesi tunaulizwa karibu kila parokia tunayoenda kutoa semina hapa Dar, iwe Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto, na jibu fupi ni kwamba anabatizwa. Sheria Kanoni ya 1983, yani kitabu cha sheria za Kanisa Katoliki, kanuni namba 868, kwa mtoto mchanga inataka mambo mawili tu: mzazi hata mmoja akubali (au mlezi anayeshika nafasi yake), na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa kwenye imani Katoliki. Cheti cha ndoa ya wazazi hakimo humo, tafuta mpaka uchoke. Hilo tumaini likikosekana kabisa ndo ubatizo unaahirishwa, na hata hapo wazazi wanatakiwa waelezwe sababu, sio mama anaambiwa tu dirishani "kafunge ndoa kwanza" afu anaondoka na mtoto mgongoni hajui hata kosa la mtoto ni lipi.

Najua wapo watakaosema mbona kwetu utaratibu ni huo miaka yote, na mimi naielewa nia yake, mapadre na makatekista wanataka kuwasukuma wazazi wafunge ndoa, ila ukweli anayeadhibiwa pale ni mtu ambaye hata kuongea hajaanza. Papa Fransisko Januari 2014 alibatiza mtoto ndani ya Kikanisa cha Sistina kule Vatikani ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu, yani ya bomani. Na Desemba 2023 Vatikani ilimjibu askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika kuhusu akina mama wanaolea peke yao, walikuwa hawakomuniki kwa kuogopa ukali wa mapadre na viongozi wa jumuiya, jibu likawa watiwe moyo waje kuungama na wakomunike. Viongozi wa jumuiya wa huku kwetu nao wasome hapo mara mbili.

Sasa tuje kwa wazazi wenyewe maana hapa ndo penye kazi. Serikali yetu kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inawachukulia mwanamke na mwanaume waliokaa pamoja miaka miwili na zaidi, na majirani wanawajua kama mke na mume, kwamba wameoana mpaka ithibitike vingine. Kanisa halihesabu hivo, kwa Wakatoliki linataka ridhaa yao itolewe mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Basi. Matangazo ya ndoa yapo, mafundisho yapo, ila ukumbi haumo, kamati haimo, emsii na mpambaji hawamo, na suti za wasimamizi hazimo. Lakini watu Dar wanakaa miaka kumi bila komunyo wanasubiri michango ya harusi itimie, na wengine wanasubiri wakwe wamaliziwe mahari, kitu ambacho ni heshima kubwa kwa mila zetu ila sheria ya Kanisa haijasema bila hiyo ndoa haifungwi. Kwa maoni yangu kila paroko angetangaza wazi kwenye misa ya kwanza na ya pili kwamba ndoa inafungwa hata Jumatano jioni, watu sita kanisani, mkitoka hapo mkanywe soda nyumbani. Parokia zinazofungisha ndoa za pamoja zimeliona hili mapema na nazipongeza.

Waliofunga ndoa kanisani ikavunjika wakaanza maisha na mtu mwingine, huko siwezi kusema ni rahisi. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II alisema hao wanakomunika kama wanaishi kama kaka na dada, mwaka 2016 Papa Fransisko akaandika barua akitaka kila hali ipimwe yenyewe kwa kusindikizwa na padre, na maaskofu duniani mpaka leo hawaisomi hiyo barua yake kwa namna moja. Ila kuna kitu wengi hata hawajajaribu, mahakama ya Kanisa. Toka tarehe 8 Desemba 2015 hukumu moja ya kwamba ndoa ilikuwa batili inatosha, zamani zilihitajika mbili zinazofanana. Hii sio talaka, inachunguzwa kama siku ile ya kiapo ndoa ilifungika kweli, mfano mtu alilazimishwa au alificha toka mwanzo kwamba hataki kabisa watoto.

Pesa nayo. Kanuni 848 inasema mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na aangalie maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kadi ya zaka ni jambo jema, tegemezeni parokia zenu jamani, lakini haiwezi kuwa tiketi ya kipaimara.

Viziwi je? Kanuni 990 inaruhusu kuungama kwa mkalimani, na mkalimani naye anafungwa na siri, kwa hiyo parokia yenye viziwi itafute mtu wa lugha ya alama, isiwaache wakae nyuma wakitazama midomo. Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili naye ana haki ya mafundisho kadiri hali yake inavyoruhusu. Na mpako wa wagonjwa tafadhali msisubiri mtu akate kauli ndo mumwite padre, Mtaguso wa Vatikano II ulishasema mwaka 1963 sio wa wanaokata roho peke yao, mzee aliyedhoofika anapakwa, hali ikizidi anapakwa tena.

Ukikataliwa, muulize paroko kwa adabu ni kanuni gani inayozuia. Mara nyingi atakaa chini na wewe na mtaelewana, maana mapadre wengi wamekuta utaratibu umebandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla hawajahamia hapo. Ikishindikana andika barua kwa askofu, kanuni 212 inakupa nafasi ya kuwaeleza wachungaji wako shida yako. Weka jina la parokia, kigango na jumuiya yako, eleza kilichotokea bila matusi, na ubaki na kopi.