Kabla hujachomwa sindano ya mashavu: maongezi ninayofanya na kila mwenye ngozi nyeusi

Siku tisa kabla ya sendofu yake, binti mmoja aliketi mbele yangu akanionyesha picha kwenye simu. Ulikuwa uso wenye mashavu yaliyopanda, kama ya mtu ambaye yuko karibu kucheka. "Dokta, nataka yawe hivi, na Jumamosi ile yawe yameshatulia." Nikamwambia sitamchoma. Uvimbe wa kawaida huchukua siku kadhaa, kwa wengine wiki mbili, na sindano ikigusa kamshipa kadogo doa la damu linaweza kukaa chini ya jicho siku 10. Kwa shughuli yenye wapiga picha, nataka niwe nimemaliza kazi yangu walau wiki nne kabla. Binti alinuna. Mama yake, aliyekuwa amemsindikiza, hakusema kitu ila alinishika mkono wakati wa kutoka.

Mimi ni daktari wa ngozi, na kujaza uso kwa sindano ni sehemu ya kazi yangu ya kila wiki. Maswali ninayoletewa karibu yote ni ya bei na muda: bomba moja shilingi ngapi, linakaa miezi mingapi, linauma kiasi gani. Ni maswali ya haki. Lakini lipo moja ambalo nalisubiri na halijawahi kutoka mdomoni mwa mgonjwa bila mimi kulianzisha: dokta, jeli hii ikiingia kwenye mshipa wa damu utaitoaje, na kwenye ngozi yangu mimi utaijuaje?

Nitalifikia. Kwanza tuangalie shavu lenyewe.

Chini kabisa kuna mfupa. Juu yake kuna mafuta, vifuko vya ndani vikiwa vimeegemea mfupa na vya nje vikiwa chini tu ya ngozi. Rohrich na Pessa walionyesha mwaka 2007 kwamba mafuta haya hayakutandazwa kama blanketi moja. Yamegawanyika vyumba vyumba, kila chumba na kuta zake. Umri unaposogea, vyumba vya ndani hunywea, mfupa nao hupungua, na ngozi hubaki haina cha kuegemea. Sisi wenye ngozi nyeusi tunakingwa dhidi ya jua na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kwa hiyo makunyanzi madogo hutuchelewa. Uzee wetu mara nyingi hubisha hodi katikati ya uso: shavu linashuka, kivuli kinatokea chini ya jicho, mfereji unachimbika kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Ndipo mtu wa miaka 45 anakuja kulalamika kwamba kila anayekutana naye anamuuliza kama anaumwa, wakati amelala vizuri na hana ugonjwa wowote.

Fila, yaani kile kijazio kinachochomwa kwa sindano, hurudisha egemeo hilo. Haivuti ngozi iliyolegea sana, haifuti madoa, haitengenezi dimpozi. Nalisema hili mapema kwa sababu anayetarajia hayo atarudi kuongezewa bomba la pili, la tatu, la nne, mpaka uso uwe kama mto, na akicheka macho yanafichwa na mashavu.

Kuna watu ambao kwao sindano hii haikuwa urembo hata kidogo, na nawataja kwa sababu walinifundisha kuheshimu kazi yenyewe. Miaka ya 2000, wengi walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU hapa kwetu walipewa mchanganyiko wenye stavudine ndani yake. Iliokoa maisha. Pia ilikula mafuta ya mashavu. Uso ulizama pande zote mbili kwa namna ambayo mtaani watu walijifunza kuisoma, na mtu aliyekuwa na afya njema na virusi vilivyofubazwa alitembea na siri yake usoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 nchi ziachane na stavudine hatua kwa hatua, na dawa za sasa haziharibu uso hivyo, lakini mafuta yaliyopotea mara nyingi hayakurudi yote. Fila iitwayo Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya nyuso hizo hasa, na nyingine iitwayo Radiesse ikafuata mwaka 2006. Kwa hiyo anayeniambia kujaza mashavu ni anasa tu, namwomba afikirie mtu aliyeacha kwenda msibani kwa ndugu zake kwa kuogopa kutazamwa. Na ukiwa unaishi na VVU na umeshika dawa vizuri, hali yako peke yake haikuzuii kuchomwa. Mwambie tu daktari ukweli wote.

Sasa, neno fila peke yake halikuambii kitu. Ni sawa na kusema "mafuta" bila kusema ya taa, ya kupikia au ya kujipaka. Inayotumika zaidi mashavuni ni jeli ya asidi ya hayaluroniki. Ni aina ya sukari ndefu ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, imo kwenye ngozi, kwenye viungo na ndani ya jicho. Ile ya asili huvunjwa haraka, kwa hiyo kiwandani huunganishwa nyuzi kwa nyuzi ili idumu. Juvéderm Voluma iliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2013 kwa ajili ya kuongeza ujazo wa mashavu, na kwa wengi matokeo yake hukaa hadi miaka miwili. Picha za MRI zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya watu mabaki hukaa zaidi ya hapo, hata pale mwenyewe anapodhani imekwisha. Hiyo ndiyo sababu sipendi kuongeza mwaka hadi mwaka kwa kufuata kalenda.

Bomba moja lina mililita 1. Kijiko cha chai kinabeba 5. Naanza na nusu bomba hadi bomba moja kila upande, halafu tunaonana baada ya wiki kadhaa. Kuongeza ni rahisi.

Zipo nyingine: Radiesse yenye chembe za madini yanayofanana na ya mfupa, Sculptra inayouamsha mwili utengeneze kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi, polepole kwa miezi, na zipo za kudumu zenye chembe za plastiki. Halafu ipo silikoni ya maji inayochomwa kwa siri kwa bei ya chini, ambayo FDA haijaiidhinisha kujaza uso, na ambayo nimeikuta imekuwa mabonge magumu miaka mingi baada ya kuchomwa. Tofauti kubwa kuliko zote ni hii: jeli ya hayaluroniki inayeyushwa. Kipo kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi ambacho ukikichoma mahali palipo na jeli, huivunja ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Nyingine zote hazina dawa ya namna hiyo. Kwa mtu anayechomwa mara ya kwanza, mimi situmii kitu ambacho siwezi kukiondoa.

Na hapa ndipo swali langu lilipo.

Shavu limejaa mishipa. Mshipa mkubwa wa uso unapanda kutoka kwenye taya kuelekea pembeni ya pua, na mwingine unatoka kwenye tundu la mfupa chini ya jicho. Inajipinda tofauti kwa kila mtu, hata upande wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja haifanani. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya mshipa, jeli inakuwa kizibo, na ngozi yote iliyokuwa inakula kutoka kwenye mshipa huo inaanza kufa njaa. Mbaya zaidi, ikisukumwa kwa nguvu inaweza kurudi kinyume na mkondo mpaka kwenye mshipa wa jicho. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haivumilii kukosa damu. Ndani ya saa moja au moja na nusu inaweza kuwa imeharibika moja kwa moja. Upofu wa namna hii umetokea zaidi kwa sindano za pua na za katikati ya nyusi, lakini mashavu nayo yamo. FDA ilitoa tahadhari rasmi mwaka 2015. Ni nadra sana, na anayechoma polepole, kiasi kidogo kidogo, huku akitumia kanula butu (mrija mwembamba usio na ncha kali) mahali panapofaa, anaipunguza hatari. Haifuti.

Vitabu vingi tulivyosomea vinaeleza dalili kwa ngozi nyeupe: mahali panageuka peupe ghafla, kisha panatokea michirizi ya zambarau kama wavu. Kwenye ngozi ya rangi ya kahawa usitegemee picha hiyo. Nilichokiona mimi ni rangi ya majivu, kana kwamba mtu amepakwa vumbi sehemu moja, au weusi uliokolea ambao mgonjwa na mchomaji wote wawili wanadhani ni doa la kawaida la damu. Kwa hiyo nalinganisha upande na upande kwenye mwanga wa dirisha. Naufunua mdomo wa juu nikatazame ndani, kwenye ufizi na utando wa ndani wa mdomo, kwa sababu pale melanini huwa kidogo na weupe au ubuluu hujitokeza wazi zaidi. Nabonyeza ngozi kwa kidole nikiachia nahesabu: rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa upande mmoja tu, sisubiri.

Maumivu nayo yana hila. Jeli nyingi za siku hizi zimechanganywa na ganzi, hivyo mtu anaweza kutoka kliniki akicheka, halafu saa tatu usiku ganzi ikiisha shavu linaanza kuuma kwa namna isiyolingana na kilichofanyika. Siku ya pili au ya tatu vinatoka vijipele vyenye usaha. Dada mmoja alinijia siku ya nne akiwa tayari amepakwa dawa ya chunusi na kupewa vidonge vya mkanda wa jeshi. Alikuwa amechomwa saluni, na aliyemchoma hakujua alichomchoma, boksi lilishatupwa. Nilichoma hayaluronidezi kwa kubahatisha kwamba ni jeli inayoyeyuka. Sehemu kubwa ilipona. Pembeni mwa pua limebaki kovu jeusi la ukubwa wa mbegu ya papai, na kila akija namtazama kovu kabla ya kumtazama macho, jambo ambalo najitahidi kuliacha.

Kimeng'enya hicho kinatakiwa kiwe kabatini, chumba kilekile unachochomwa, kwa wingi. Mshipa ukiziba si suala la matone mawili. Ni mamia ya uniti, na unarudia baada ya saa moja kama rangi haijarudi. Omba ukioneshwe kabla hujalala. Mchomaji mzuri hatachukia, mimi hufurahi nikiombwa. Akikwambia "hakijawahi kuhitajika hapa", chukua pochi yako.

Uliza pia namba yake ya usajili. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni baraza la madaktari la huko, KMPDC, na kuuliza si utovu wa adabu. Omba boksi lifunguliwe mbele yako, na ile stika yenye namba ya toleo ibandikwe kwenye faili lako, nakala upige picha. Ninawaona wengi waliochomwa Dubai au Istanbul wakiwa safarini, wanarudi nyumbani shavu limevimba miezi sita baadaye, na hawajui ndani kuna nini. Vile vifaa vya kusukuma jeli bila sindano vinavyouzwa mitandaoni viache kabisa. FDA ilionya juu yake Oktoba 2021.

Kuna siku sitakuchoma hata ukiwa na kila kitu. Ukiwa na homa, jino linalouma, au umetoka kung'oa jino wiki hii, tunasogeza mbele wiki mbili au zaidi, maana bakteria wakitembea kwenye damu wanaweza kujificha ndani ya jeli. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, tunasubiri. Kama nyuki akikuuma unavimba mwili mzima, niambie, kwa sababu hayaluronidezi inaweza kukuletea mzio. Aspirini, ibuprofeni, mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu huongeza madoa ya damu, lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila ruhusa ya daktari wako. Wenye vifuko vya maji chini ya macho kila asubuhi nawachoma kwa woga, mbali na kope, kwa kuwa jeli hii hupenda maji na huvuta uvimbe.

Na mkorogo. Niambie ukweli, sitakugombeza. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, mishipa ikawa juujuu, majeraha yakachelewa kupona. Ngozi ya namna hiyo tunaitibu kwanza miezi kadhaa. Kuhusu keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, ambayo ni hofu ya wengi, bado sijaona moja iliyotokana na tundu la sindano shavuni. Kinachotusumbua zaidi ni alama nyeusi, ndiyo maana napendelea kutoboa mahali pachache.

Tukimaliza, nakupa kioo. Lala chali usiku huo ukiweza, usikande mashavu, acha mazoezi mazito siku moja au mbili. Kisha nakushika kidole chako mwenyewe nakuwekea shavuni: bonyeza, achia, hesabu moja, mbili. Fanya hivyo kabla ya kulala na ukiamka, pande zote mbili. Rangi ikichelewa, maumivu yakizidi, au jicho likiona ukungu, piga simu. Namba ninayokupa ni yangu, na usiku simu yangu huwa haizimwi.