Pai ya molasi ya Lancaster: chini kulowa si ubichi

Jumamosi iliyopita mama mmoja Mkongo, jirani yetu hapa Lancaster, Pennsylvania, alinirudishia pai niliyompelekea. Alikuja kwa adabu zote, sahani imefunikwa, akaniambia kwa sauti ya chini nisijisikie vibaya, majiko ya umeme ndivyo yalivyo, ila pai yangu haikuiva. Nikakata kipande mbele yake. Juu palikuwa na chenga kavu za kahawia, katikati keki laini, na chini kabisa tabaka jeusi la kunata, linang'aa kama lami iliyopigwa jua. Hilo tabaka ndilo lililomtia shaka. "Mama," nikamwambia, "hapo ndipo penyewe. Pakikauka hapo, ujue nimeharibu."

Huu ni mwaka wa saba naoka pai hii usiku katika duka la mikate, na swali hilo nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandika nipumzike.

Jina lake huku ni shoofly pie, yaani pai ya kufukuza nzi. Kila nyumba ina hadithi yake kuhusu jina hilo. Inayosimuliwa zaidi ni kwamba pai ikiwekwa dirishani ipoe, nzi huifuata kwa ule utamu, na mwenye pai hana budi kusimama na kitambaa. Wenye chakula ni Wajerumani wa Pennsylvania. Waamerika huwaita Dutch, na mgeni hudhani wametoka Uholanzi, kumbe wenyewe hujiita Deitsch, Wajerumani, na walianza kufika mwaka 1683 walipoanzisha Germantown karibu na Philadelphia. Siku hizi picha inayouzwa ni ya Waamish, Wakristo wanaojitenga na mambo ya kisasa, na mikokoteni yao ya farasi, lakini wengi wa wahamiaji wale walikuwa Walutheri na Wareformed, yaani Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin.

Mabango ya barabarani hupenda kusema pai hii ililiwa na hao waliotangulia. Mimi sikubali, na sababu yangu iko ndani ya bakuli. Pai hii huumuka kwa beking soda, na beking soda ya viwandani ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1846. Halafu kuna keki ya molasi iliyoitwa Centennial, ya mwaka 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100 na maonyesho makubwa yakafanyika Philadelphia. Keki hiyo haikuwa na ganda. Ivalishe ganda chini, unapata pai ninayooka mimi. Jambo jingine ambalo mabango hayaandiki ni kwamba molasi iliyozoesha ndimi za huku utamu huu ilishushwa bandarini ikitoka visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani.

Tuingie jikoni.

Molasi ni kile kinachobaki maji ya miwa yakichemshwa na sukari ikaondolewa. Mchemsho wa kwanza hutoa molasi nyepesi na tamu, wa pili hutoa nzito zaidi, wa tatu hutoa ile nyeusi tititi yenye uchungu. Hiyo ya tatu usiitie kwenye pai. Utapata ladha ya dawa ya kifua. Tumia ya kwanza au ya pili. Waokaji wengi wa huku huchanganya molasi na shira ya mahindi ili kupunguza ukali, na mimi siwalaumu, ingawa nyumbani kwangu naiweka molasi tupu.

Kwa mnaosoma mkiwa Tanzania au Kenya: ile molasi ya madumu inayouzwa kwa wafugaji ni chakula cha ng'ombe. Iacheni huko huko. Chukueni sukari guru gramu 300, muivunje, muiyeyushe kwa maji robo kikombe kwenye moto mdogo, kisha muichuje kwa kitambaa maana haikosi mchanga na nyuzi za miwa. Kamulieni kijiko cha chai cha ndimu. Ladha itakuwa ya kwetu zaidi, inaelekea kwenye kashata, lakini pai itasimama.

Ganda ni rahisi na sitalikalia sana. Unga wa ngano gramu 160, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi baridi gramu 100. Fikicha kwa ncha za vidole, tia maji ya barafu vijiko vitatu au vinne vya chakula, lishike donge, lifunge, lilale kwenye friji saa nzima. Lisukume kama chapati, lakini ukiona siagi inaanza kung'aa juu ya kibao simama, lirudishe kwenye baridi. Tandika kwenye sufuria ya pai ya sentimita 23. Waokaji wa zamani hutumia mafuta ya nguruwe badala ya siagi, kwa hiyo Muislamu anayenunua pai dukani aulize kwanza.

Chenga ndizo zinazotaka mkono. Unga gramu 190, sukari ya kahawia gramu 100, chumvi kidogo, siagi baridi gramu 85. Fikicha mpaka upate punje zisizolingana, nyingine kama mchele, nyingine kama choroko. Ukifikicha mpaka zote ziwe laini kama mchanga wa pwani, zitazama zote na juu hutabaki na kitu.

Sasa maji yake. Chemsha maji mililita 180, yatie kwenye bakuli kubwa, nasema kubwa, kisha beking soda robo tatu ya kijiko cha chai. Mimina molasi mililita 240. Hapo utaona maajabu: mchanganyiko unapauka, unafura, unapanda kwa povu la rangi ya chai ya maziwa. Molasi ina asidi, soda inaijibu, na hewa ya kaboni inayotoka ndiyo itakayoinua keki ya katikati. Siku yangu ya kwanza kazini niliona povu dogo nikaongeza soda kwa kukisia. Pai ilipanda, ikamwagika, moshi ukajaa, king'ora kikalia, na kipande kilichosalia kilikuwa na ladha ya sabuni ya kufulia. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie magadi ya kuchemshia maharage. Ni makali kuliko beking soda, na hakuna anayejua kijiko chako kimebeba kiasi gani.

Acha povu litulie na joto lipungue mpaka kidole kivumilie, ndipo upige yai moja na kulikorogea humo. Ukiharakisha, utakuta nyuzi za yai lililoiva.

Kinachofuata ndicho kinachoamua pai. Mimina ule ujiuji kwenye ganda, kisha nyunyiza chenga juu yake, kuanzia pembeni kuja kati. Halafu toa mkono. Usikoroge, usibonyeze, usisawazishe kwa mwiko. Chenga za chini zitaanza kuzama zenyewe. Zinakunywa maji, soda inaziinua, zinageuka keki. Za juu hazifikiwi, zinakauka na kuwa za kuguguna. Na sehemu ya ujiuji ambayo haikukutana na unga inabaki chini, yai linaishika, inakuwa lile tabaka jeusi. Matabaka matatu, nawe ulimimina mara mbili tu. Wapo wanaopenda pai ya chini kavu, nao huchanganya sehemu kubwa ya chenga ndani ya ujiuji kabla ya kumimina. Hutoka keki tupu, ya kuchovya kwenye kahawa. Siipendi, lakini bibi aliyenifundisha kazi hii hakuwa akila pai nyingine ila hiyo, akisema hii yangu ni ya watu wa mjini.

Oveni iwe tayari nyuzi 220 za Selsiasi. Weka pai safu ya chini kabisa, juu ya trei, ili ganda lipate moto kabla halijalowa. Dakika 12, kisha shusha hadi 175, uache dakika 30 nyingine hivi. Usipime kwa kijiti, kijiti kitakudanganya, kitatoka kimelowa hata pai ikiwa imeiva. Itikise kidogo: pembeni pawe pameshika, katikati pacheze kama maziwa mgando ndani ya bakuli. Ikicheza kama maji, ongeza dakika tano.

Kisha subira, na hapa ndipo yule mama Mkongo nilipomkosea. Nilimpelekea pai iliyotoka jikoni saa moja tu. Tabaka la chini huendelea kushika kadiri linavyopoa, linataka saa tatu au nne, na mimi huliachia usiku mzima. Nimemwokea nyingine jana jioni. Iko mezani, sijaikata, nimeifunikia kawa niliyokuja nayo kutoka Tanga, kwa sababu ni Julai na nzi wa Lancaster wameshaanza kuzunguka.