Soko la samaki Bagamoyo: watu wanavyosema na ilivyo kweli

Wikiendi Bagamoyo inajaa watu kutoka Dar, ni kilomita kama 70 tu, na kwa kweli tunafurahi wakija. Ila kuna mambo watu wanakuja nayo kichwani kuhusu wavuvi na soko letu ambayo sio kweli, matokeo yake wengine wanaondoka hawajaona kitu na wengine wanawaudhi watu walioko kazini. Mimi nimekulia pale pale pwani, mzee wangu alikuwa baharia kwenye mashua ya watu, kwa hiyo naongea nilichokiishi.

Dhana: ukitaka kuona vyombo vinaingia na samaki, wahi asubuhi.

Hii ndio imewaponza wengi. Mtu anadamka, anafika saa nne asubuhi anakuta ngalawa zimelala kwenye mchanga na bahari iko kule mbali, anasema mbona soko limekufa. Halijafa, maji yametoka. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana, sasa siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwetu maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni halafu saa nne asubuhi pamekauka, ila wiki inayofuata maji yakiwa mafu, yaani hayajai wala hayapwi sana, hiyo saa nne ndio yamejaa. Bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na ufukwe wetu ni wa kina kifupi, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kweli kweli. Kina hicho hicho kifupi ni moja ya sababu Wajerumani, ambao walikuwa wameifanya Bagamoyo makao yao makuu, wakahamia Dar mwaka 1891, kule meli zilipata bandari nzuri zaidi.

Halafu kuna mwezi. Wanaovua dagaa kwa taa wanataka giza, mbalamwezi ikiwaka taa yao haivuti kitu, kwa hiyo siku hizo utawakuta nchi kavu wanashona nyavu na kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za chombo. Hawajakaa bure wale. Na Ijumaa wengi hawatoki mpaka watu waswali. Kabla hujatoka nyumbani mpigie mtu wa pale muulize maji yanajaa saa ngapi, basi, swali moja tu hilo.

Dhana: pale samaki ni bei chee.

Wakati mwingine ndio, wakati mwingine unaweza kupata rahisi zaidi soko la samaki la Feri, Dar. Samaki akishuka anaenda mnadani, dalali anapiga bei, na unaoshindana nao ni wachuuzi wenye barafu na gari linalosubiri kwenda Dar, wanaojua kila samaki atauzwa shilingi ngapi kesho. Siku bahari imechafuka kwa upepo wa kusi samaki wanakuwa wachache na bei inapanda, hakuna anayekuonea. Ukinunua fungu usiangalie ukubwa peke yake, funua shavu uone matamvua, yawe mekundu, na macho yawe yamejaa na yanang'aa sio yamezama. Akishakauka ngozi na tumbo limelegea muache. Kama hujui kuchagua, nunua waliokaangwa, makarai yapo pale pale na mafuta yanachemka, unakula cha moto.

Eti uvuvi ni kazi ya wanaume. Wanaosema hivi wameangalia wanaoshuka kwenye mashua tu. Anayenunua ndoo ya dagaa kwa mkopo, akaichemsha, akaianika, akaigeuza juani akihofia mvua ni mama. Maji yakitoka wanawake ndio wanaingia na chandarua kutanda uduvi, vile vikamba vidogo, na huko kwenye miamba ya pwani nyingine wanatafuta pweza. Bibi yangu alisomesha watoto kwa uduvi, na sijawahi kuona mgeni anapiga picha ya uduvi.

Dhana: ngalawa ni chombo cha kizamani, masikini tu ndio wanaitumia.

Kaa karibu nayo uiangalie vizuri. Ni gogo moja, mara nyingi mwembe, limechongwa kwa tezo mpaka ubavu umekuwa mwembamba, halafu ina mbao pande zote mbili zinazoelea ili isipinduke. Wataalamu wengi wanauhusisha mtindo huo na mabaharia wa zamani wa upande wa Indonesia, yaani ni elimu iliyovuka Bahari ya Hindi nzima. Inapita kwenye maji ya magotini, haili mafuta, upepo ukikaa vizuri inakimbia kuliko unavyofikiria. Boti za mashine zipo nyingi siku hizi ila hii haijaondoka kwa sababu bado inafaa.

Haya mawili nayapitia haraka. Bagamoyo haijaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, iko kwenye orodha ya kusubiri tangu 2006, kwa pwani yetu walioingia ni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981 na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Na jina, yaani bwaga moyo, watu wanasema ni la mateso ya watumwa peke yake, ila kuna maelezo mengine ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka bara, wakifika pwani wanabwaga mzigo na moyo unatulia. Maelezo yote mawili yapo, usimkatalie mzee akikupa la pili.

Dhana: ni sehemu ya wazi kwa hiyo piga picha unavyotaka.

Sehemu ya wazi ndio, lakini ni kazini kwa mtu. Niliwahi kuona kundi limepita juu ya nyavu iliyotandazwa mchangani na viatu vyao, mzee mmoja ameshaishona tangu asubuhi, mwingine akasimama juu yake kabisa apate picha nzuri ya mashua. Yule mzee hakusema kitu, aliinama akaanza kutafuta palipokatika. Iliniuma sana. Salimia kwanza, shikamoo haikupunguzii kitu, omba, wengi watakukubalia na watakuonyesha mengine ambayo hukuuliza. Na nguo za kuogelea ziache hotelini, huu ni mji wa watu wanaoishi.

La mwisho, watu wanaona noti zinavyohesabiwa mnadani wanadhani wavuvi wana hela. Kwanza yanatolewa mafuta, barafu na chakula cha safari, kinachobaki tajiri mwenye chombo anachukua fungu lake, mara nyingi nusu, ndio mabaharia wagawane, na wanaweza kuwa watu wengi. Kuna siku mzee alirudi bila shilingi. Ila kitoweo hakikosi, kila baharia anapewa samaki wake wa nyumbani nje ya mgao. Kwa hiyo ukimuona mtu anapanda kutoka pwani, nguo zimelowa, kashika samaki wawili watatu kwenye kamba ya ukindu, usimsimamishe umwambie akuuzie. Kwake sufuria imeshabandikwa.