Wakazi wa tumbo la mchwa

Mvua za masika zikishika, watoto wa Siaya na Kakamega hawakawii kufika kichuguuni. Kumbikumbi, ambao Waluo huwaita ng'wen na Waluhya tsiswa, huokotwa kwa ndoo na kukaangwa jioni hiyohiyo. Mimi huja kesho yake na jembe, kumtafuta ndugu yao aliyebaki chini: mfanyakazi asiye na mabawa, yule anayetafuna nguzo za nyumba na mabua ya mahindi.

Wakulima huniuliza anawezaje kuishi kwa kula mti mkavu. Taya zake hukata tu. Ana vimeng'enya vyake, lakini peke yake haviwezi mzigo huo. Anasaidiwa na bakteria na viumbe wengine wadogo wanaoishi tumboni mwake, naye huwapa makao na chakula kilichokwisha kusagwa.

Kuwafikia kunataka mkono mtulivu. Namlaza mchwa juu ya kioo kilichokaa kwenye barafu. Kibano kimoja kinashika kifua, cha pili kinabana ncha ya mkia na kuvuta polepole. Utumbo hutoka mzima kama uzi, mwembamba mbele, umefura nyuma. Hicho kifuko cha nyuma, kidogo kuliko punje ya mchele, ndicho kijiji chenyewe. Oksijeni hupenya ukuta wake kwa takriban milimita 0.2 tu, na katikati hakuna oksijeni kabisa.

Ndiyo maana wengi wao hukataa kuota kwenye sahani zetu za maabara. Spiroketi, bakteria waliojisokota kama kizibuo, walionekana kwa hadubini ndani ya mchwa tangu karne ya 19. Walioteshwa peke yao kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na hapo ikathibitika kwamba wanaweza kugeuza hidrojeni na kaboni dioksidi kuwa asetati, ambayo mchwa huitumia kama chakula.

Kwa hiyo badala ya kuwaotesha wote, tunasoma vinasaba vyao. Tunasaga utumbo, tunatoa DNA, kisha kwa mbinu ya PCR tunanakili mara mamilioni jeni moja iitwayo 16S rRNA. Kila bakteria anayo. Ina herufi kama 1,500. Sehemu zake nyingine hazibadiliki kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na nyingine hutofautiana kiasi cha kutuonyesha huyu ni wa ukoo gani.

Katika kila kundi la sampuli tunaweka tyubu moja ya maji matupu, ambayo haipaswi kuonyesha DNA yoyote. Siku moja tyubu hiyo ilitoa mstari unaong'aa kwenye jeli tunayopimia, alama ya kuwapo kwa DNA, sawasawa na za mchwa. Dawa tuliyotumia kutolea DNA ilikuwa imeingia bakteria wa nje. Nilitupa kazi ya wiki tatu, na iliniuma, kwani kati ya majina niliyokuwa nimeyaandika sikuweza tena kujua lipi ni la mchwa na lipi ni la chupa.

Vinasaba vimefichua pia undugu ambao wengi hawautarajii: mchwa si jamaa ya siafu, ni wa ukoo wa mende. Na mchwa wetu wakubwa wa Macrotermes, wanaolima kuvu ndani ya kichuguu (uyoga mtamu unaochipuka juu yake ni wa kuvu hiyohiyo), wana bakteria wanaofanana na wa mende kuliko wa mchwa wala miti. Kuvu ndiyo inayowalainishia majani na mbao, basi tumbo lao halihitaji mafundi walewale.

Sasa mezani kwangu yuko mchwa aitwaye Cubitermes kutoka msitu wa Kakamega, ambaye hula udongo. Sehemu moja ya utumbo wake ina pH inayozidi 12, ukali wa magadi unaokaribia ule wa chokaa mbichi iliyotiwa maji, na humo pia kuna bakteria hai.