Maswali ya kitabia kwenye usaili wa mwanaprogramu mpya: wanataka kusikia nini

Usaili wa kazi ya programu kwa kawaida huwa na vipande viwili. Kimoja ni cha kuandika msimbo: unapewa tatizo, unalitatua huku watu wanakutazama. Kingine hakihitaji kompyuta. Unaambiwa, "Tueleze siku mlipopishana na mwenzako kuhusu kazi," au, "Tupe mfano wa jambo ulilokosea, na ulifanyaje baada ya hapo." Haya ndiyo maswali ya kitabia. Vijana wengi hukesha wiki nzima wakifanya mazoezi ya kipande cha kwanza, halafu hiki cha pili wanakiingia mikono mitupu kwa kudhani ni maongezi tu.

Jina lenyewe linachangia kupotosha. Mwambie mtu ataulizwa kuhusu tabia yake, naye atawaza adabu: uaminifu, uchapakazi, kuwahi kazini, kuheshimu wakubwa. Ataingia chumbani amejiandaa kujisifu. Msaili hana shida na sifa. Sifa zilishajaa kwenye barua ya maombi. Anachotafuta ni tendo. Siku fulani kulitokea jambo, je, wewe ulifanya nini? Yangeitwa maswali ya matendo, watu wengi wangepona.

Wazo hili si geni. Mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan, aliyefanya kazi na jeshi la anga la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha mwaka 1954 njia ya kukusanya matukio halisi ya kazini, yaani mtu alifanya nini hasa mambo yalipokwenda vizuri au vibaya, badala ya kuridhika na maoni ya jumla kwamba fulani ni hodari. Mwaka 1982 Tom Janz akachapisha utafiti uliolinganisha usaili unaouliza matendo yaliyopita na usaili usio na mpangilio. Hoja iliyo nyuma ya yote haya ni kwamba alichofanya mtu jana kinaonyesha atakachofanya kesho vizuri zaidi kuliko anavyojieleza. Kampuni nyingine hata hazifichi zinachopima: Amazon imezitangaza wazi kanuni zake 16 za uongozi, na maswali yake ya kitabia yamejengwa juu ya hizo hizo. Anayeomba kazi huko bila kuzisoma amejinyima mwenyewe.

Kiswahili kina kipimo chepesi cha kutambua swali na kukagua jibu: viambishi. Msaili akiuliza "ulifanya nini", hiyo -li- inadai tukio lililokwisha kutokea. Akiuliza "ungefanya nini", hilo ni swali la kudhania, ni aina nyingine, na hapo unaruhusiwa kueleza mpango. Sasa jisikilize unapojibu. Ukianza na "mimi huwa nasikiliza kila upande", tayari umetoka nje ya swali, kwa sababu "huwa" inaeleza mazoea, na mazoea hayana shahidi. Jibu lenye uzito linafungua na -li-: "Mwezi wa tatu mwaka jana tulikuwa wanne kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, na mfumo uliingiza malipo mara mbili."

Kiambishi kingine cha kuchunga ni tu-. Tumelelewa kutojikweza, kwa hiyo kila kitu ni "tulifanya, tukajadiliana, tukarekebisha". Heshima hiyo inakugharimu. Msaili akimaliza kuandika hajui kama wewe ndiye uliyepata kosa au ulikuwa umekaa pembeni unakunywa soda. Anza na "tulikuwa" kueleza timu, lakini ukifika kwenye hatua, badili: "mimi nilichukua sehemu ya malipo, mwenzangu akabaki na kurasa." Kumtaja mwenzako na kazi yake hakukupunguzii kitu. Kunaonyesha unajua mpaka wa kazi yako.

Mpangilio unaofundishwa karibu kila mahali unajulikana kwa herufi STAR, za maneno ya Kiingereza Situation, Task, Action na Result, na una sehemu nne: hali, jukumu, hatua, matokeo. Hali ni mazingira: mradi gani, watu wangapi, lini. Jukumu ni kile kilichokuwa mikononi mwako. Hatua ni ulichofanya, kimoja baada ya kingine, pamoja na sababu ya kuchagua hiki ukaacha kile. Matokeo ni kilichobadilika. Lenga dakika mbili hivi. Hali na jukumu visizidi sekunde 30, hatua zichukue dakika nzima au zaidi kidogo, matokeo yachukue muda uliobaki. Kosa la kawaida ni kugeuza mgawanyo huo: mtu anatumia dakika mbili kueleza historia ya mradi, jina la msimamizi na lugha zote za programu zilizotumika, halafu hatua zinaishia kwenye sentensi moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Swali: "Tueleze tatizo gumu ulilowahi kulitatua." Jibu la kwanza:

"Tulitengeneza mfumo wa michango ya chama. Tulikutana na changamoto za malipo, lakini kwa ushirikiano tukazitatua na mfumo ukafanya kazi vizuri."

Hakuna uongo hapo, na hakuna kitu pia. Neno "changamoto" ni blanketi: limefunika kila kilichostahili kusemwa. Jibu hilo hilo likifunuliwa:

"Tulikuwa watatu, tukajenga mfumo wa michango wa chama chenye wanachama 40. Sehemu yangu ilikuwa kupokea taarifa za malipo ya simu. Wiki ya tatu mweka hazina aliniambia mama mmoja aliyetuma shilingi 500 anaonekana ametuma 1,000. Nilifungua kumbukumbu za seva nikaona taarifa moja imeingia mara mbili, yenye namba ile ile ya muamala. Seva yetu ilikuwa inachelewa kujibu, upande wa pili ukadhani haijapokea, ukatuma tena. Ningeweza kufuta mistari iliyojirudia tu, lakini ingerudi. Nikaweka sharti kwenye hifadhidata kwamba namba ya muamala haiwezi kuingia mara mbili, kisha nikaifanya seva ijibu kwanza na kuchakata baadaye. Mistari 17 ya zamani niliipitia na mweka hazina, mmoja mmoja, tukilinganisha na taarifa ya akaunti kabla ya kufuta. Hadi muhula unaisha haikujirudia. Tangu hapo sehemu yoyote ya malipo naijaribu kwa kutuma taarifa ile ile mara mbili kwa makusudi."

Angalia kinachobeba jibu hili. Si ugumu wa teknolojia, maana sharti la upekee kwenye hifadhidata ni somo la mwanzo kabisa. Kinacholibeba ni kwamba kuna njia ambayo hakuichukua na sababu ya kuiacha, kuna mtu aliyeathirika, na hakuna data ya fedha iliyofutwa kwa haraka. Msaili mzoefu atakipigia mstari hicho cha mwisho.

Namba pia zimo, na zote ni ndogo. Mgeni wa kazi hana haja ya kudai ameokoa mamilioni. Hesabu vitu vilivyokuwepo: watumiaji, mistari, siku, sekunde za ukurasa kufunguka. Kama hukupima wakati ule, fungua mradi leo upime. Usibuni asilimia. Ukisema "niliongeza kasi kwa asilimia 60", swali linalofuata ni "ulipimaje?", na hapo ndipo majibu ya kutunga hufia.

Maana jibu la kwanza ni mlango tu. Baada yake huja maswali ya kuchimba: Kwa nini hukufanya vile? Mwenzako alisemaje? Ulijuaje kwamba limekwisha? Leo ungebadilisha nini? Tukio la kweli lina majibu ya haya yote hata kama hukuyaandaa. La kuazima kwa rafiki huishiwa pumzi kwenye swali la pili au la tatu.

Matukio yenyewe utayapata wapi kama hujawahi kuajiriwa? Kuna mradi wa chuo, mafunzo kwa vitendo, hakathoni (mashindano ya kutengeneza programu kwa muda mfupi), kazi ya kujitolea, tovuti uliyomtengenezea mjomba akachelewa kukulipa. Hata kazi isiyo ya kompyuta inahesabika kwa maswali ya watu: aliyefundisha twisheni au kukaa kwenye kibanda cha kutuma pesa ana visa vya wateja wenye hasira kuliko wahitimu wengi. Kumbukumbu ikigoma, fungua hazina ya msimbo wa mradi kwenye git, yaani programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, uandike git log --author na jina lako, upitie tarehe. Ukikuta siku yenye marekebisho manane kati ya saa tano usiku na saa nane, kuna kisa hapo. Kisha pekua kundi la WhatsApp la mradi kwa tarehe hizo hizo. Mabishano yote yamo.

Andika matukio sita hadi manane kwenye daftari, kila moja kwa maneno matano au sita ya kukukumbusha, si insha. Insha iliyokaririwa ina ubaya wake: msaili akikukatiza katikati, hujui urudi wapi. Pembeni ya kila tukio weka alama linajibu nini: kutoelewana, kosa, kujifunza upesi, muda kubana, kukosolewa, kufanya jambo bila kuagizwa. Tukio zuri hujibu mawili au matatu kati ya hayo. Kisha jirekodi kwa simu ukisema kwa sauti, usikilize ulivyozunguka.

Maswali mawili yanastahili kuandaliwa kwa uangalifu zaidi. La kwanza ni kutoelewana. Wengi hujibu "sisi hatukuwahi kukosana", wakidhani wanajenga picha ya upole. Msaili anaandika kwamba hakuna jibu. Chagua mvutano juu ya kazi, si juu ya mtu, na ueleze hoja ya mwenzako vizuri kiasi kwamba angekuwepo angekubali ndivyo alivyosema. Hata kama yeye ndiye aliyeshinda, jibu ni zuri.

La pili ni kosa. "Kosa langu ni kupenda sana ukamilifu" limechosha kila mtu. Toa kosa halisi lenye mwisho. Kwa mfano, ulitumia git push --force, amri inayolazimisha nakala yako ichukue nafasi ya iliyopo, kwenye tawi kuu ambalo timu nzima inalitumia, ukafuta kazi ya siku mbili ya mwenzako; ukamwambia dakika ile ile kabla hajagundua, mkairudisha kutoka nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yake, kisha ukaliwekea tawi hilo ulinzi ili amri hiyo ikataliwe. Hapo "kumwambia dakika ile ile" kuna thamani kuliko ufundi wa kurudisha.

Kuna jambo la lugha pia. Usaili mwingi wa kazi hizi, uwe Dar es Salaam au Nairobi, hufanyika kwa Kiingereza, na tukio limekaa kichwani mwako kwa Kiswahili. Ukilitafsiri papo hapo, kinachopotea kwanza ni hatua, na nafasi yake huchukuliwa na misemo ya kukariri kuhusu kufanya kazi kwa timu. Lisimulie kwanza kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua programu. Akilielewa, lirudie kwa Kiingereza ukizingatia vitenzi: niligundua, nilipima, niliuliza, niliacha.

Ukikwama, sema, "Samahani, naomba nusu dakika nifikirie." Hakuna anayekatwa alama kwa hilo. Na kama kweli hujawahi kukutana na hali unayoulizwa, sema wazi kwamba hujawahi, toa tukio lililo karibu nayo zaidi, kisha eleza ungefanyaje. Hapo ndipo -nge- inapopata nafasi yake.