Karabai nzee hununuliwa kwa tangi, si kwa mng'aro

Watu wengi wanaonitumia picha za karabai wanayotaka kununua hupiga kofia na kioo. Huwa nawaomba kitu kimoja: igeuze, nipigie kitako chake. Kofia iliyobabuka hupigwa rangi, kioo kilichopasuka hununuliwa kingine, hata mpini uliokatika hutengenezwa kwa waya. Tangi lililoliwa na kutu ndilo lisilo na dawa, na tangi ndilo linalobeba upepo na mafuta pembeni ya moto.

Kwa ambaye amekua na chemli tu, karabai ni taa ya aina nyingine kabisa. Haina utambi wa kufyonza mafuta. Unaijaza upepo kwa pampu, upepo unasukuma mafuta ya taa yapande kwenye kibomba chembamba kinachopita karibu na moto, humo yanageuka mvuke, na mvuke unatoka kwa nguvu kwenye tundu la nozeli, unachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kifuko cha kitambaa. Mwanga ule mweupe unatoka kwenye kifuko chenyewe kinapopata joto kali. Aliyekibuni ni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach. Alianza mwaka 1885, na mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliodumu: asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 oksidi ya seriamu. Thoriamu ina mionzi hafifu, ndiyo maana vifuko vingi vya siku hizi hutengenezwa kwa itriamu. Ukikuta pakiti ya zamani iliyosahaulika dukani, usivute vumbi lake, na baada ya kuvishika nawa mikono.

Kwa anayeanza kukusanya huku kwetu, ushauri wangu ni Petromax, hasa ile kubwa ya 500. Ilibuniwa na kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin, na jina lake linatokana na Petroleum, neno la Kijerumani la mafuta ya taa, na Max, jina la Max Graetz. Hiyo 500 ni kipimo cha zamani cha Kijerumani cha nguvu ya mwanga, kwa hesabu ya mishumaa. Tangi lake huchukua takriban lita moja, na lita hiyo hukuwashia kama saa nane. Sababu yangu kubwa ya kuipendekeza lakini ni vipuri. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Tanganyika wamevulia karabai kwa miaka mingi, kwenye giza lisilo na mwezi, na muundo wa taa zao ulikuwa huu au nakala zake za China kama Anchor. Sasa wengi wamehamia taa za LED za betri na sola, na karabai zao zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inaniuma kuona tangi zima la shaba likipimwa kwa kilo. Pita huko kabla hujatafuta mtandaoni.

Coleman ni ukoo mwingine. Zilikuwa zikitengenezwa Wichita, Kansas, Marekani, na 200A nyekundu, iliyotengenezwa kuanzia 1951 hadi 1983, inapendwa sana na wapiga kambi wa kule. Raha yake ni kwamba mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimegongwa kwenye kitako. Lakini 200A hutumia petroli nyepesi iliyosafishwa maalumu, si mafuta ya taa, na kuipata hapa ni kazi. Tilley ya Uingereza hutumia mafuta ya taa na huwaka kwa utulivu unaopendeza, ila vipuri vyake utaagiza mbali.

Turudi kwenye kukagua. Fungua kifuniko cha mafuta, mulika ndani kwa tochi. Mabaki ya kahawia yanayonata ni mafuta ya zamani, yanasafishika. Magamba ya kutu kwenye tangi la chuma ni habari mbaya. Bonyeza kitako kwa dole gumba kuzunguka ukingo wote. Kikibonyea kirahisi au kikiwa kimevimba kwenda nje, iache. Tafuta alama za risasi ya kulehemia, maana tangi lililolehemiwa ovyo laweza kuachia likipata moto. Kisha jaza upepo bila mafuta na ulizamishe tangi kwenye beseni la maji. Mapovu yakitoka kwenye kifuniko au kwenye geji, ni mpira wa kubadilisha tu. Yakitoka kwenye kiungo cha kitako, ndiyo basi. Pampu isiyosukuma isikutishe: mara nyingi ngozi yake imekauka, na matone machache ya mafuta ya mashine huirudishia uhai. Muuzaji akikataa usiipime hivyo, usitoe hela.

Kuwasha kunataka subira. Funga kifuko kipya, kichome mpaka kiwe jivu jeupe, na tangu hapo usikiguse hata kwa ncha ya kidole. Jaza kikombe kidogo cha ndani spiriti, uiwashe, uiache iishe. Siku ya baridi ongeza kikombe cha pili. Anayeharakisha hapa mafuta yatapanda yakiwa bado maji, na taa itatoa ndimi za njano na masizi mpaka juu ya kofia. Kibomba kikishapata moto wa kutosha, jaza upepo, ufungue gurudumu la mafuta; kifuko kitashika kwa mlio wa pumzi, kisha ngurumo laini isiyokatika. Mwanga ukianza kufifia, zungusha gurudumu mzunguko mmoja kamili: sindano iliyo ndani itazibua nozeli. Kifuko kikitoboka zima mara moja, kwa sababu moto utachomoza kwenye lile tundu na kupasua kioo.

Mawili sina mjadala nayo. Karabai ya mafuta ya taa haitiwi petroli, hata kidogo, na mafuta unayoshuku yamechakachuliwa usiyatumie. Pili, taa hii haiingii ndani ya hema. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Itundike nje, juu ya kichwa cha mtu, mbali na turubai.

Safarini mimi hubeba vifuko vya akiba, sindano, nozeli moja, mpira wa kifuniko na ngozi ya pampu. Kabla ya kuondoka naachia upepo wote na kumimina mafuta kwenye dumu lake, kisha nakitoa kioo, nakiviringisha ndani ya sweta, na taa inasafiri ikiwa imesimama.