Ekwiti ni nini katika sheria?

Nchini Kenya, shamba haliuzwi kwa makubaliano ya watu wawili tu. Ardhi ya kilimo iliyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi huhitaji kibali cha bodi ya eneo, na kibali hicho huombwa ndani ya miezi 6. Kikikosekana, mauziano ni batili. Sasa chukua mnunuzi aliyelipa bei yote, akakabidhiwa shamba, akajenga na kupanda. Miaka inapita, ardhi inapanda bei, na muuzaji anakumbuka ghafla kwamba kibali hakikuombwa. Kwa sheria hiyo, muuzaji anarudishiwa shamba na mnunuzi anarudishiwa fedha zake za zamani.

Hapo ndipo wakili wa mnunuzi anapotaja ekwiti: kanuni ambazo mahakama hutumia pale sheria, ikifuatwa neno kwa neno, ingemruhusu mtu kunufaika na hila yake mwenyewe. Ekwiti haifuti sheria. Inamfunga mkono anayetaka kuitumia kumdhulumu mwenzake.

Kwa sura tunayoijua Afrika Mashariki, ekwiti ilitoka Uingereza. Mahakama za mfalme za zama za kati zilipokea madai ya aina chache zilizokwisha pangwa, na aliyeshinda kwa kawaida aliambulia fedha. Ambaye shida yake haikuingia humo alimlilia mfalme, naye mfalme akamwachia Chansela, afisa wake mkuu, ambaye mara nyingi alikuwa askofu. Chansela aliiangalia dhamiri ya mdaiwa: je, ni haki huyu akae na mali hii? Taratibu ofisi yake ikawa mahakama kamili, na ugomvi ukazuka. Jaji Mkuu Edward Coke hakukubali hukumu zake ziingiliwe na Chansela Ellesmere, hadi Mfalme James I alipoamua mwaka 1616 kwamba Chansela ana haki ya kufanya hivyo. Sheria za 1873 na 1875 ziliunganisha mahakama hizo, na hadi leo huko kanuni za zile mahakama za mfalme zikigongana na za Chansela, ekwiti hushinda.

Mengi tunayoyaona ya kawaida mahakamani yalitoka kwa Chansela: amri ya zuio, amri ya kumlazimisha mtu atimize mkataba badala ya kulipa fidia tu, haki ya kukomboa rehani, na udhamini wa mali, yaani jina lililo kwenye hati ni la mmoja lakini manufaa ni ya mwingine.

Wakoloni walizileta kanuni hizi kwa kifungu cha sheria chenye tarehe, yaani zilipokewa kama zilivyokuwa Uingereza siku hiyo. Kwa Kenya ni 12 Agosti 1897, kwa Tanganyika ni 22 Julai 1920. Kenya ilikwenda mbali zaidi ilipoitaja ekwiti katika Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010, miongoni mwa maadili ya taifa. Kwa hiyo, mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba muuzaji aliyepokea fedha na kukabidhi shamba anaweza kuhesabiwa kuwa analishika kwa ajili ya mnunuzi, hata kama kibali hakikupatikana. Majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo walikuwa wamesema kinyume mwaka 2014: bunge likisema batili, ni batili. Nawaunga mkono wa 2018, ingawa hoja ya wenzao si ya kupuuza. Bodi zina kazi, na kila anayeponyoka anazidi kuzipunguzia maana.

Ufaransa haina mahakama ya namna ile ya Chansela. Ilikuwa na majaji wa kabla ya Mapinduzi waliojiamulia kwa jina la haki, na watu wakawa wanaomba Mungu awaepushe na haki ya aina hiyo. Hata hivyo, Kanuni ya Kiraia ya 1804 iliruhusu ekwiti kidogo: mkataba humfunga mtu kwa yaliyoandikwa na pia kwa yale ambayo haki, desturi au sheria inayaambatanisha nayo. Kongo ilipokea kifungu kama hicho katika sheria yake ya mikataba ya 1888.

Katika fikihi ya Kiislamu, jambo la jirani ni istihsani, ambapo mwanachuoni huacha kiyasi (kulilinganisha jambo jipya na lile lenye hukumu tayari) kinachoonekana wazi kwa hoja yenye nguvu zaidi. Kwa kiyasi, kuuza kitu kisichokuwapo hakufai. Hata hivyo Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, walimruhusu mtu amwagize fundi amtengenezee kitu na wakubaliane bei. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, aliipinga istihsani vikali, akihofia watu kutunga sheria kwa matamanio yao.

Hofu hiyo hiyo ilikuwapo Uingereza. Mwanasheria John Selden aliikejeli ekwiti kwamba ni sawa na kufanya mguu wa Chansela uwe kipimo cha urefu: mmoja ana mguu mrefu, mwingine mfupi. Ndiyo maana ekwiti ikawekewa masharti. Anayeiomba sharti aje na mikono safi, na akilalia haki yake miaka mingi anaweza kuikosa. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, Ibara ya 38 ya hati inayoiongoza mahakama hiyo inawaruhusu majaji kuamua kwa haki tupu pande zote zikikubali, na hadi sasa hakuna kesi iliyoamuliwa hivyo.